Fleti ya Nyali au nyumba ya Mji wa Kale: ipi uanze nayo kukodisha kwa wageni Mombasa

Anayetaka kuingia kwenye biashara ya wageni wa siku, wanaolipa kwa usiku, hapa Mombasa kwa kawaida huwa na mojawapo ya vitu viwili mkononi. Ama ana akiba, au mkopo, wa kununulia fleti ya vyumba viwili upande wa Nyali na Bamburi, ama ana nyumba ya familia Mji wa Kale ambayo wazee wameshaondoka na watoto wametawanyika. Wapo wenye vyote viwili, na kwao swali huwa zito zaidi: warekebishe ya wazee au wanunue mpya?

Nimehudumia wageni katika nyumba za aina zote mbili. Nitazilinganisha kwa mambo yanayoamua kama mwezi utaisha na kitu mfukoni, na mandhari ya bahari sitayapa nafasi kubwa. Picha ya bahari humvuta mgeni mara ya kwanza. Kinachomrudisha, na kumfanya amwambie mwenzake, ni maji ya kuoga, kitanda kisafi na mtu aliyemfungulia mlango alipofika amechoka.

Nani atafungua mlango?

Treni ya usiku inayoondoka Nairobi saa nne hufika stesheni ya Miritini kabla ya alfajiri. Mgeni wako, mkewe na watoto wawili wenye usingizi wanapanda teksi na kuja moja kwa moja. Fikiria dakika hiyo kwanza, kabla hujafikiria rangi ya mapazia.

Nyali mambo ni mepesi. Teksi inafika hadi getini, askari yuko macho, lifti inawapandisha. Ukishaacha jina la mgeni na namba ya gari kwa askari, kazi kubwa imekwisha. Utahitaji tu mahali salama pa funguo, au kitasa cha namba ambacho utabadilisha namba zake kila mgeni anapotoka.

Mji wa Kale hapana. Gari litaishia karibu na Fort Jesus au Ndia Kuu, na kutoka hapo ni miguu na mabegi, kwenye vichochoro ambavyo usiku, kwa mgeni, vyote vinafanana. Ramani ya simu humpeleka mtu hadi nyuma ya nyumba ya jirani na kumwacha hapo. Lazima mtu aende kumpokea, kila mara, saa yoyote. Mtu huyo akipatikana, nyumba ya Mji wa Kale inakuwa na kitu ambacho fleti haina: macho ya mtaa. Wazee walioketi barazani wanajua nani kaingia na nani katoka, na begi likisahaulika mlangoni litakabidhiwa kwa mtu wako. Mgeni akishatambulishwa kwa jirani siku ya kwanza, huwa mgeni wa mtaa mzima.

Kuna saa nyingine za kufikiria pia: kuanzia saa nne asubuhi, mgeni mmoja anapotoka, hadi saa nane mchana, mwingine anapoingia. Saa hizo nne ndizo biashara yenyewe. Ndani yake mtu anatandua, anafagia, anapiga deki, anasugua choo, anaosha vyombo, anahesabu vijiko, anajaribu kila bomba na kila taa. Masika ya Aprili na Mei yakiingia shuka hazikauki kwa siku moja, kwa hiyo kila kitanda kinahitaji seti tatu: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja iko kabatini. Anayeanza na seti mbili hugundua pungufu hilo siku ya mvua, mgeni akiwa njiani. Kwenye fleti ya chumba kimoja sebule, mtu mmoja anamaliza kazi hii vizuri. Kwenye nyumba ya ghorofa mbili ya Mji wa Kale, yenye ngazi zilizosimama wima na vyumba vinavyofuatana, unahitaji watu wawili, na wote walipwe vizuri. Mfanyakazi wa usafi ndiye anayeshika jina la nyumba yako, na anayembania malipo hujikuta anabadilisha watu kila mwezi.

Maji

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayafiki kila siku, wala si kila mtaa. Ndiyo maana kila nyumba ina tangi, na ndiyo maana swali la kwanza kwa anayekuuzia au kukukodishia lisiwe bei. Muulize: maji ya bomba huja siku zipi, na yasipokuja mnatumia nini?

Nyali na Bamburi, majengo mengi yamechimba kisima. Maji hayakatiki, lakini ni ya chumvi. Yaone kwa karibu: baada ya wiki chache birika la umeme lina magamba meupe chini, vitundu vya bomba la mvua vimeziba nusu, sabuni haitoi povu, na hita ya kuogea inaungua ikiwa bado mpya. Mgeni wa bara hajui chumvi hii inatoka wapi. Anadhani nyumba ni chafu. Dawa yake inajulikana. Weka tangi dogo la maji yasiyo na chumvi, yanayoletwa na lori la maji (bouza), kwa ajili ya jikoni, chupa za lita 20 za kunywa, na mpe mtu wa usafi siki au ndimu ya kuchemshia birika kila wiki. Kisha mwambie mgeni mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba maji ya bafuni yana chumvi kidogo. Akiambiwa kabla hajafika, halalamiki.

Mji wa Kale tatizo ni nguvu ya maji na mahali pa kuyaweka. Watu huwaza tangi kubwa juu ya paa, kama la ghorofa za kisasa. Hapo simama kwanza. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na paa la zamani linabebwa na boriti za mikoko zilizowekwa na mafundi ambao hawakuwazia mzigo wa namna hiyo. Fundi anayezijua nyumba hizi ataliweka tangi kubwa chini, uani, na dogo juu ya ukuta mnene, na pampu ndogo kati yake. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu tangu mwanzo.

Joto na umeme

Hapa Mji wa Kale unashinda, tena kwa mbali. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, na madirisha yanayopitisha upepo hufanya chumba kilalike kwa feni hata Februari na Machi, wakati kaskazi imelegea na jiji linatokota. Fleti ya zege inayopigwa na jua la jioni haikaliki bila kiyoyozi, na mgeni aliyelipa pesa yake hukiacha kikinguruma hata akiwa pwani. Tokeni za umeme zinakwisha usiku na simu yako inalia.

Wanaofanya kazi hii Nyali wana njia mbili. Ama bei ya usiku inabeba umeme wote, ama mgeni anapewa kiasi fulani cha tokeni na cha zaidi ananunua mwenyewe. Ya pili ni ya haki kwa anayekaa wiki mbili au mwezi. Kwa anayekaa usiku mmoja inaonekana ubahili, na itakuletea maneno. Kumbuka pia kwamba hewa ya bahari inakula chuma. Mashine ya nje ya kiyoyozi iliyo upande wa bahari inahitaji kuoshwa na fundi mara kwa mara, la sivyo itaota kutu kabla hujarudisha pesa yake.

Nyumba ya zamani nayo ina ugonjwa wake: unyevu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Fundi asiyejua akiupiga saruji ili uonekane laini, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na baada ya masika moja rangi inabambuka kama magamba. Tafuta fundi wa chokaa hata kama inabidi umsubiri.

Ruhusa na karatasi

Fleti: soma sheria ndogo za jengo kabla ya kulipa chochote. Sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti inawapa wenye nyumba wa jengo moja chombo chao cha pamoja na kanuni zao, na yapo majengo ambayo kanuni hizo zinakataza kabisa wageni wa siku au kuwawekea masharti. Dalali hatakwambia. Omba kanuni zenyewe kwa maandishi, pamoja na kiwango cha ada ya huduma ya kila mwezi, na uulize kama jenereta inawasha lifti na taa za ngazi tu au inafika hadi ndani ya nyumba.

Mji wa Kale karatasi ni ndefu zaidi, na hapa ndipo nawasihi watu watulie. Kwanza, mtaa ni eneo la hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo kubadilisha mlango, kutoboa ukuta, kugusa roshani au kuongeza ghorofa kunahitaji idhini ya ofisi yao ya uhifadhi. Pili, Mombasa ina nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Tatu, zipo nyumba za wakfu, ambazo haziuzwi na matumizi yake yana masharti. Nne, na hili ndilo linaloumiza familia, nyumba ya mirathi ni ya warithi wote. Kaka aliyeko Jeddah na dada aliyeko Tudor wana haki hata kama wewe ndiye uliyelipa fundi. Ukianza kupokea wageni kabla ya kuandikiana, mwezi wa kwanza mzuri ndio utakaoleta ugomvi.

Yanayozihusu nyumba zote mbili ni haya. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, malazi ya wageni yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, na kaunti nayo inataka leseni yake ya biashara. Mapema mwaka 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, serikali ilikaza msimamo kuhusu usajili, na wageni wenyewe wakaanza kuuliza maswali ya usalama. Jibu zuri ni kamera getini na mlangoni, kamwe si ndani ya nyumba, na daftari la wageni linalojazwa kweli. Nakala ya kitambulisho cha mgeni ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la jengo.

Kwenye kodi ya serikali, usidhani kwamba kupangisha ni kupangisha tu. Mwenye mpangaji wa makazi analipa asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba anayopokea, kiwango kilichoanza Januari 2024, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho, hadaiwi nyingine juu ya mapato hayo, ikiwa mapato yake kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15. Wageni wa likizo ni habari nyingine. Kodi ya nyumba ya makazi haitozwi VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, lakini sheria hiyo hiyo inayatoa malazi ya likizo kwenye msamaha huo, kwa hiyo mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka unatakiwa kujisajili. Kuna pia tozo ya utalii ya asilimia 2. Nusu siku na mhasibu kabla ya kuanza inatosha kuyaweka haya sawa.

Jirani

Mgeni wa Nyali ni familia ya bara wakati wa Pasaka, Agosti na Disemba. Wanataka bwawa la kuogelea, mahali pa gari, jiko la kupikia pilau la watu wanane, na jibu la kweli kuhusu dakika za kutembea hadi ufukweni. Sema kweli. Fleti nyingi zinazoitwa za ufukweni ziko upande wa pili wa barabara, na mgeni atavuka na watoto. Hatari ya Nyali ni sherehe: vijana wanakodi kwa jina la mmoja, wanafika kumi na tano, na kufikia saa saba usiku jengo zima linakulaani. Idadi ya watu iandikwe, na askari awe na ruhusa ya kuhesabu.

Mji wa Kale mgeni huja kwa sababu ya mtaa wenyewe. Fort Jesus, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, inakutangazia bure. Huyu hakuulizi bwawa. Anataka kahawa ya jioni, mahamri ya asubuhi, na mtu wa kumwonyesha njia hadi soko la Marikiti. Lakini yuko katikati ya majirani wa Kiislamu wenye heshima zao, na adhana ya alfajiri iko dirishani kwake. Mwambie kabla hajalipa: pombe haiingii nyumbani, mavazi ya staha nje ya mlango, kelele zinazimwa mapema. Ramadhani mchana mtaa umetulia na sehemu za chakula zimefungwa. Jioni unafunguka na kuchangamka hadi usiku mwingi. Mgeni aliyeelezwa huufurahia mwezi huo kuliko miezi mingine. Asiyeelezwa anaondoka siku ya pili na kudai pesa zake. Mimi ningeipoteza nafasi ya mgeni mmoja kuliko kuipoteza salamu ya jirani, maana mgeni anaondoka Jumapili na jirani yupo.

Hesabu

Chukua fleti ya vyumba viwili. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Mpangaji wa mwaka anakulipa 50,000 kwa mwezi. Toa asilimia 7.5, unabaki na 46,250, na umelala.

Sasa wageni wa siku, 6,000 kwa usiku, na nyumba ina watu usiku 15 katika mwezi. Umeingiza 90,000. Tovuti inayokuletea wageni, tuseme, inachukua asilimia 15: 13,500. Msimamizi asilimia 20: 18,000. Usafi wa kutoka wageni watano: 5,000. Umeme 9,000, intaneti 3,000, na vinavyovunjika, kuchakaa na kupotea 6,000. Umebaki na 35,500, na kodi ya serikali bado. Mpangaji amekushinda.

Ongeza usiku hadi 22. Umeingiza 132,000, tovuti 19,800, msimamizi 26,400, usafi 7,000, umeme 13,000, intaneti 3,000, uchakavu 8,000. Unabaki na 54,800. Umemzidi mpangaji, lakini kidogo, na usiku 22 kila mwezi si jambo la Mei na Juni. Sasa rudi kwenye usiku 15, umwondoe msimamizi kwa kuwa kazi unaifanya wewe mwenyewe: 53,500. Yaani kuwepo kwako Mombasa kunakupa karibu sawa na usiku saba za ziada. Ndiyo sababu nimeanza na mlango.

Mji wa Kale, ikiwa nyumba ni ya familia na hakuna mkopo, hesabu inapumua zaidi: umeme ni mdogo, ushindani ni mdogo, na mwezi mtupu haukudai rejesho la benki. Kinachomeza pesa ni ukarabati wa mwanzo, na huo huongezeka kila ukuta unapofunguliwa. Kwenye fleti, shida kubwa ni kwamba ya kwako imefanana na nyingine mia, na njia rahisi ya kushindana iliyobaki ni kushusha bei.

Ng'ambo je?

Likoni, Tiwi na Diani wengi huzitaja, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke, gari linaweza kutoka Miritini hadi kusini bila feri. Kijumba chenye bustani kule ni kizuri sana kwa mgeni. Kwa mwenye nyumba anayeishi kisiwani na anayeanza, bado ni mbali, na Tiwi na Diani ziko kaunti ya Kwale, kwa hiyo leseni ya Mombasa haikusaidii. Acha iwe nyumba ya pili.

Ningemshauri nani achukue ipi

Unaishi Mombasa, una ndugu au mtu wa kuaminika anayelala karibu na nyumba, na karatasi za familia ziko wazi: chukua Mji wa Kale. Anza na ghorofa moja tu, nyingine ikae na watu wa nyumbani. Vyumba viwili vilivyokarabatiwa kwa chokaa na kupata maji ya uhakika ni bora kuliko sita vinavyovuja.

Unaishi Mombasa lakini huna nyumba ya familia: fleti, tena ya chumba kimoja, katika jengo ulilosoma kanuni zake, karibu na barabara yenye matatu na tuktuk. Jaribu kwanza kwa kukodi mwaka mmoja kwa ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba, ndipo ufikirie mkopo.

Unaishi Nairobi au Ughaibuni: weka mpangaji wa mwaka. Kama roho yako iko kwa wageni, pokea wa mwezi mmoja hadi mitatu, watu wa mradi, wa bandarini, wa vyuo, na familia zinazorudi nyumbani likizo. Wanatoka mara chache, tokeni wananunua wenyewe, na msimamizi ana kazi ndogo, kwa hiyo jadiliana naye asilimia ndogo.

Na ukishachagua, kabla ya kusaini, omba kulala ndani ya nyumba hiyo usiku wa Ijumaa. Fungua mabomba yote saa moja jioni, watu wote wanapooga. Zima kiyoyozi saa sita uone chumba kinakuwaje. Sikiliza barabara, sikiliza jirani wa juu. Asubuhi, saa nne kamili, mpe mtu wako wa usafi ufunguo na umwache afanye kazi peke yake, kisha uje saa nane ukague kama mgeni aliyelipa.